Kisanduku Kisicho na Diski

Mume wa dada yangu sikumpenda tangu alipoingia dukani kwetu Kabeza akaketi kwenye kiti changu. Dada ndiye aliyemleta, eti atutafutie wateja. Aliwapata, sikatai. Kisha akaanza kuwaambia mtandao ni wake.

Mtandao ule niliujenga mimi. Ulipeleka intaneti kwenye nyumba mpya za Masaka, na umeme wetu ulikuwa na tabia ya kukatika bila taarifa. Ruta zangu za kwanza, mashine za kugawa intaneti, zilikuwa kompyuta kuukuu zenye diski, na umeme ukikatika, diski zilianza kukwaruza kama kijiko kwenye sufuria, kisha zikafa. Nikazing'oa zote. Mahali pake nikaweka kadi za kumbukumbu, kama zile za kamera, ambazo hazina kinachozunguka. Mashine ikiwaka inaisoma kadi tu, haiandiki kitu humo. Ukibadilisha jambo usipolihifadhi kwenye kadi kwa amri yake, mashine ikizima limepotea. Nilimweleza shemeji haya yote. Alikuwa anachezea simu.

Neno la siri tulikuwa nalo wawili, mimi na dada. Nilimpa yeye peke yake, nikiugua asikwame.

Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, mtaa mzima tulitoka kuzibua mtaro. Shemeji akasema mgongo unamuuma. Niliporudi na jembe, matope hadi magotini, nilimkuta amejifungia dukani, mbele ya mashine kuu. Akanifungulia anacheka. Nikajaribu kuingia kwenye mashine, ikanikatalia.

"Nimebadirisha pasiwadi, shemeji," akasema. "Bosi iko mumoja. Ukitaka kuingia, unaniomba."

Nikamgeukia dada, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Nani kampa?"

"Ni mume wangu," akajibu, akiangalia viatu vyangu.

Hasira ilinipanda nikaona giza. Namshukuru Mungu jembe nilikuwa nimeliacha nje. Nilienda ukutani nikachomoa waya wa mashine, nikauchomeka tena.

"Unafanya nini? Wateja wako kwenye mtandao!" akafoka.

Kisanduku kikawaka taratibu, kikasoma kadi yake, kikaamka vile nilivyokiacha mimi asubuhi. Nikaandika neno langu la zamani. Kikanifungulia. Bwana mkubwa alijaribu lake mara mbili, kicheko kikamwisha.

"Shemeji, sisi iko famiye moja," akasema.

Nikaweka neno jipya huku nikiwapa mgongo wote wawili, na safari hii nikalihifadhi kwenye kadi. Kisha nikamwambia anyanyuke kwenye kiti changu.

Waliondoka pamoja. Mashine bado inafanya kazi, na wateja wa Masaka wanaipenda. Dada hapokei simu zangu. Juzi nililazwa na malaria Kanombe, umeme ukakatika, ukarudi, mtandao ukaamka wenyewe. Nikabaki kitandani na neno la siri ambalo sina wa kumpa.