Uti Unaofunga Mapema

Mimba ya pili ya mwanangu ilipoingia, nilimkataza pweza. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi, na hakutimiza wiki. Nilimwosha mimi mwenyewe. Basi safari hii nikasema nyumbani mwangu hakipikwi kisichokuwa na mfupa. Pweza hapana, ngisi hapana. Samaki changu na miiba yake, karibu.

Mwanangu anasomesha bayolojia mjini. Alikuja kwangu Paje na tumbo la miezi mitano, akanikuta uani nasafisha kamba ninazopandia mwani, kitoweo kando kwenye sinia.

"Mama, mwiba wa samaki ndio utampa mjukuu wako uti? Basi nilishe nanga, azaliwe na mgongo wa chuma."

"Cheka. Nshakwambia, pweza hapa haliwi."

"Pweza si wa kwetu hata."

"Wa kwetu vipi?"

Akakaa, akamchana changu kwa kisu mpaka uti ukaonekana. Akasema wako viumbe ambao, wanapoanza kuumbwa, hupitishiwa ugwe laini mgongoni. Juu ya ugwe hupita mfereji wa neva. Kooni huwa na mipasuko, kama pale samaki anapopumulia, na nyuma mkia. Wote hao ni kodata. Samaki, chura, nyoka, kuku, mbuzi, mtu. Kwa wengi wetu, baadaye uti hushika nafasi ya ule ugwe. Hata papa yumo, ingawa mwili wake mzima hauna mfupa mgumu.

"Na mimi nlikuwa na mkia?"

"Ulikuwa nao tumboni mwa bibi. Ukapotea kabla hujazaliwa."

"Astaghfirullah. Labda wako wewe."

Akacheka, akabandua kwenye kamba yangu kile kijifuko cha utelezi ambacho ukikibana kinakurushia maji usoni. Miaka yote navikwangua na kuvilaani, vinashika kamba kama gundi.

"Na huyu pia wa kwetu."

"Huyu! Hana uso, hana mguu."

"Akiwa mchanga anaogelea, ana mkia na ugwe ndani yake, kama kiluwiluwi. Akipata pa kukaa, hujibandika kwa kichwa, vyote hivyo vikaisha."

Nilikiweka kiganjani. Kilikuwa baridi, kinatoa maji kidogo kidogo. Mola kapitisha uzi mmoja kwenye kitu hiki na kwa mwanangu, na mimi nilikuwa nakitupa bila hata kukitazama. Sikukitupa siku ile. Nilikwenda kukirudisha majini, na sitaki mtu anicheke.

Niliporudi nikamuuliza, "Ule mfereji wa neva ndio uliobaki wazi kwa yule wa kwanza?"

Akaweka kisu chini. "Ndio. Hufunga mwezi wa mwanzo, mama, wengine hata hawajajijua kama wana mimba. Wa huyu ushafunga, au haukufunga. Miiba yako imechelewa. Kesho kutwa nnakwenda kupigwa picha ya tumbo."

"Tunakwenda," nikamwambia.

Chumba cha picha hospitali kilikuwa na giza. Dokta, msichana mdogo kuliko mwanangu, alipaka mafuta tumboni, akapitisha kifaa chake. Kwenye kioo ukatokea uti. Shanga nyeupe, moja baada ya moja, zimepinda kidogo. Nimechana samaki maisha yangu yote na nikaujua papo hapo. Ni ule ule.

Kifaa kikateremka polepole, kikafika kiunoni, kikasimama. Dokta kasogeza uso kwenye kioo. Mwanangu kanishika mkono mpaka pete ikaniuma.

"Hapo chini, dokta. Pamefunga?" nikauliza.

"Subiri kidogo, bibi."

Akakigeuza kifaa upande huu, akakigeuza upande ule.

"Pamefunga. Mgongo mzima umefunga."

Mwanangu alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika. Nikasema alhamdulillah. Nikamwonyesha dokta kwa kidole: anza tena, kutoka shingoni.

Akaanza tena.