Siagi Kwenye Breki

Usiku ule sikulala, na kilichoninyima usingizi ni swali la kipuuzi kabisa: niende Nyakasimbi kwa miguu au kwa baiskeli? Najua habari hii mmekwisha kuisikia kwa wengine, maana hapa Bugene hakuna aliyeisimulia bila kuitia chumvi, na wapo wanaoapa kwamba nilianguka kwa kuwa nilikuwa nimelewa. Basi leo nasimulia mwenyewe. Aibu ni yangu, na kuisema ni haki yangu.

Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka shule ya Mdachi huko pwani, na wazee wa Nyakasimbi wakaniita wanitazame, waamue kama watanipa watoto wao niwafundishe kusoma. Wakinikataa, basi, maisha yangu ni kupima ngozi na kahawa katika duka la mjomba wangu Mbaraka mpaka nizeeke. Hofu yao niliijua. Walisema kijana akisoma hasalimii tena, na kwetu mzee hapitwi njiani hivi hivi: unasimama, unainama, unamwamkia kwa kumwita tata, yaani baba, unamwuliza alivyoamka yeye na ng'ombe wake na migomba yake, naye akiisha kukuitikia ndipo unapoendelea na safari. Sasa nikienda kwa miguu (niliwaza) watamwona yule yule kijana wa kufagia duka. Nikienda kwa baiskeli watasema najivuna. Lakini nikienda kwa baiskeli nikashuka kwa kila mzee, si ndiyo adabu yenyewe? Kulipokucha nikachagua baiskeli.

Baiskeli ilikuwa ya mjomba, na aliitunza kuliko viatu vyake. Kila Ijumaa akitoka kusali huipangusa vumbi, hukaza nati, huutia mnyororo mafuta ya kopo yaliyotoka Bukoba. Siku hiyo kopo lilikuwa tupu, wapagazi hawajafika, na baiskeli ilikuwa inalia kama fisi.

"Iache ilie," mjomba akaniambia. "Kelele hazimvunji mtu mguu."

Lakini mimi nikaanza kufikiri, na nikianza kufikiri sijui kuacha. Mwalimu afike kwa wazee na chombo kinacholia? Mafuta ni mafuta, nikasema moyoni. Mama yangu ni Mnyambo, na kwao siagi hupakwa ngozi ya mwili ikalainika, hupakwa ngozi ya kulalia ikalainika, chuma nacho kina nini hata kisilainike? Nikachota siagi. Nikapaka mnyororo. Nikapaka pedeli na vyuma vya magurudumu. Kisha nikaiona breki, ile ya zamani, kipande cha mpira kinachoshuka kubana gurudumu la mbele, nikaona haya kuipita bila kuipa fungu lake, nikaipaka nayo, tena kwa wingi, na gurudumu lake nikalipaka.

(Msicheke. Ninyi mngepaka hata kiti.)

Mwanzoni nilisifu akili yangu. Baiskeli ilikwenda kimya kama paka, na mbwa wa kila mji niliopita walitoka kunifuata wakiramba midomo, nikadhani wanashangaa chombo. Vilimani nilikuwa nashuka na kuisukuma, kwenye tambarare napanda, na kila mzee niliyemkuta nilishuka, nikaamkia, nikaulizwa habari za mjomba, nikajibu. Mambo yote sawa. Jua nalo lilikuwa likipanda, siagi ikiyeyuka, na mimi sikuwaza hilo hata kidogo, mimi ninayewaza kila kitu!

Mteremko wa kuingilia Nyakasimbi ni mrefu na umenyooka. Katikati yake alikuwa amesimama mzee mmoja na fimbo yake. Nikabana breki nishuke. Gurudumu likateleza chini ya mpira kama kambale mkononi. Nikabana tena, wapi!

"Shikamoo, tata!" nikapaza sauti nikimpita.

"Mara... we! Hushuki?" Jibu lilinifikia kisogoni.

Nikajaribu kuburuza miguu, kanzu ikanasa kwenye pedeli, nikarudisha miguu juu haraka. Akatokea mzee wa pili, nikamwamkia kwa mbio, akatokea wa tatu amemshika mkono mkewe, nikawaamkia wote kwa shikamoo moja (ambayo ni tusi lingine peke yake), na nyuma yangu nasikia sauti zinaitana: "Ni yule wa shule! Anapita wakubwa kama upepo!" Na mbwa nao wanabweka, wananipa nguvu.

Mbele, uwanjani kwa Mzee Bitegeko, mkubwa wa baraza ile, wazee walikuwa wamekwisha kaa wakitafuna kahawa wakiningoja. Pembeni vijana walikuwa ndani ya mtumbwi wa kukamulia ndizi, wanakanyaga ndizi mbivu na majani kwa ajili ya pombe. Kushoto wazee, kulia mtumbwi. Niseme nini? Nikaenda kulia. Vijana wakaruka, mimi nikaingia kichwa mbele.

(Na hapa mnisikilize vizuri, hasa ninyi mliompelekea mjomba maneno: yalikuwa maji ya ndizi matamu, ya saa ile ile, hayajawa pombe. Muislamu hajaharamishiwa ndizi.)

Nilipoinua kichwa, Mzee Bitegeko alikuwa juu yangu.

"Elimu imefika," akasema. Baraza zima likaangua kicheko.

"Inanukia siagi!" mwingine akadakia. "Wametuletea bwana harusi!"

Bitegeko hakucheka. "Umewapita wazee watatu. Hukushuka hata kwa mmoja. Ndivyo utakavyofundisha watoto wetu? Nenda kwenu, mwanangu. Urudi na mjomba wako, kwa miguu, aje akuombee. Tutafikiri."

Nilizijua hizo "tutafikiri". Mimi mwenyewe ndiye fundi wa kufikiri. Jambo likiahirishwa namna hiyo halirudi tena.

Basi nikatoka katika ule mtumbwi na majani yakining'inia masikioni, nikapiga magoti mbele ya mzee wa kwanza pale barazani, nikamwamkia na kumwuliza ng'ombe wake wameamkaje, kisha wa pili, na wa tatu, na wale niliowapita njiani walipofika wakihema nikawaamkia nao, mmoja mmoja, hata mke wa yule mzee wa mteremkoni nikampa shikamoo yake peke yake.

"Kutoshuka ni kosa langu, naomba radhi," nikasema. "Lakini siendi kumleta mjomba. Kilichokosa ni siagi, si shule."

"Kaoge kwanza," Bitegeko akasema.

"Nikienda kuoga, tata, mtasema nilikimbia."

Mke wa yule mzee akacheka. "Huyu ana kichwa kigumu kama chako, Bitegeko!"

Nikaomba majivu. Nilikuwa nimemwona mama akitoa mafuta kwenye vibuyu vya maziwa kwa majivu, nikasugua breki, nikasugua gurudumu, nikipangusa kwa kanzu ambayo haikuwa na la kupoteza tena. Watoto waliokuwa wamekuja kucheka wakanizunguka, nami nikawaonyesha: hapa panataka mafuta, hapa na hapa, lakini hapa kamwe, hata ukipewa ya bure. Tangu siku ile naapa sijakiuka.

Kisha nikaisukuma baiskeli mpaka juu ya ule mteremko. Watu walinipigia kelele nisifanye wazimu. Juu pale nikajipa nafasi ya kufikiri, mara nikajinyang'anya. Nikapanda.

Nilishuka kwa kasi ile ile. Mbele ya miguu ya Mzee Bitegeko nikabana breki, gurudumu likasimama, nikashuka, nikainama.

"Shikamoo, tata."

Akaniitikia. Kisha akageuka, akamwita mjukuu wake kwa jina, akamwambia akae karibu nami, aanze kusoma.