Rutaboneka, Adui Asiyekuwa Mjinga

Kahawa mbivu ikifika siku ya tatu juani hutoa harufu chachu na tamu kwa pamoja, kama rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, iliyosahauliwa mtungini. Wapo wanaoipenda. Mimi ikinifikia puani, moyo hushtuka, maana hunirudisha kwenye jamvi la baba la kuanikia kahawa, na kwa Verdiana.

Nilikuwa na miaka kumi, mwaka uliofuata vita na Uganda. Kyerwa yetu ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Karagwe. Sukari hakuna, sabuni hakuna, na kahawa ilikatazwa kuvushwa mto kwenda Uganda, ingawa waliovusha walirudi wananukia sabuni. Kazi yetu watoto ilikuwa kuilinda kahawa isichakurwe na kuku wala kukanyagwa na mbuzi. Tulikuwa watatu: mimi Koletha, binamu yangu Anastela, na Verdiana binti Gaspari. Gaspari alitoka Rwanda akiwa kijana, babu akampa pembe ya shamba letu ajenge, naye akawa kibarua wetu.

Bibi yangu Paulina alikuwa na hadithi nyingi, na katika zote jitu lilikuwa jinga. Linadanganywa na sungura, linadanganywa na mtoto mchanga, linakufa. Tukachoka nalo. Basi tukabuni mchezo wetu. Tulichora nchi kwa majivu: vilima, mto, kinamasi cha mafunjo. Punje nyekundu za kahawa zilikuwa watu wa Verdiana na Anastela, wanaovusha ngoma ya mfalme. Mimi nilikuwa adui, kigae cha chungu. Nilimwita Rutaboneka, yaani asiyeonekana. Wao walisema watakalofanya, nami nikasema Rutaboneka atawajibuje.

Nilijiwekea sheria moja: Rutaboneka hajui ila alichoona au alichoambiwa. Wakipanga, nilisimama nyuma ya mgomba nimeziba masikio. Nikirudi, nawaza kama yeye. Mtu mwenye mzigo mzito hupumzika wapi? Penye jiwe la kufika kiunoni, ili ajitwike tena bila msaidizi. Basi askari wake hawakuzagaa njia nzima. Walikaa penye mawe matatu tu, wakangoja. Wakipita kichakani, mbwa wake waliwanusa. Niliwanasa mara sita, ndugu zangu, nami nikavimba kichwa.

"Verdiana wee, wewe hata yai huwezi kulivusha mfereji!" Anastela alimcheka, na hapo walikuwa upande mmoja.

Verdiana alijikuna goti. Kisha akasema polepole, "Ngoma iko kwenye machela."

"Machela gani tena?"

"Ya mgonjwa. Ngoma chini, wakatandika majani ya mgomba, juu kalala mama anaugua, kafunikwa blanketi. Wanaume wanne wamebeba. Haya, Rutaboneka anafanya nini?"

Nilikiinua kigae, nikakirudisha chini. Kwetu ukikutana na machela njiani huulizi kitu. Unaweka jembe chini, unatoa bega, unabeba hadi apatikane mwingine. Anayekataa, siku yake ikifika atabebwa na nani? Na askari wa Rutaboneka nao ni watu wa kwetu.

"Wanatoa bega," nikasema.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka ng'ambo."

Verdiana alipiga kigelegele, kuku wakatawanyika.

Jioni ile kwenye chakula nilishindwa kunyamaza. Baba mdogo Evarista alikuwa mgambo, na nilitaka asifu mchezo wangu. Nikasimulia yote, nikisubiri acheke. Hakucheka. Alinivunjia kipande cha muwa, akauliza kwa upole, "Na huyo mgonjwa, mwanangu, analazwaje mzigo usionekane?"

"Wanatandika majani ya mgomba, baba mdogo. Verdiana ndiye anayejua."

"Ana akili mtoto yule," akasema, akanivunjia kipande cha pili.

Siku ya gulio mgambo walisimamisha machela kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Chini ya blanketi alikuwa mzee Bonifasi, mzima kama mimi. Chini ya Bonifasi majani, chini ya majani kahawa. Gaspari alikuwa mbele, machela begani. Wakamchukua.

Kesho yake nikitoka kisimani nilisikia fimbo nyuma ya nyumba ya kina Verdiana. Mama yake, Domitila, alikuwa akiuliza, "Ulimwambia nani? Sema, ulimwambia nani?" Nikasimama na ndoo kichwani.

"Sikumwambia mtu, mama. Niliropoka mwenyewe gulio lililopita."

Fimbo ikaendelea. Nikashika njia ya nyumbani, na maji hayakumwagika hata tone.

Nilijua amedanganya kwa ajili yangu, nikaona huo ndio urafiki. Nilimpelekea ndizi mbivu. Akapiga goti, akapokea kwa mikono miwili, kama mtu mzima apokeavyo kwa tajiri wake. Nami nikacheka, nikadhani ananitania.

Wiki ileile alirudi kwenye jamvi. Akacheza. Ila sasa ngoma ilipita barabara kuu, mchana kweupe, kichwani. Nikamnasa. Siku ya pili akapita palepale. Anastela akanung'unika, "Mchezo umepoa huu." Nikamjibu kwamba Rutaboneka amezidi kuwa hodari, na nikaenda kujisifu kwa bibi Paulina.

Gaspari alirudi baada ya mavuno mawili, amekonda, akashika jembe na kupalilia migomba yetu kama zamani. Shikamoo yangu aliiitikia vizuri tu.

Nilielewa nilipoolewa, nikakaa na mimi kwenye ardhi ya watu, chini ya macho ya mama mkwe, nikajifunza maneno ya kumeza. Verdiana angenitaja, angekuwa amemtaja Evarista, na nyumba yao ilisimama kwenye shamba letu. Tukiwafukuza, wangelala wapi? Pengine na upendo ulikuwemo. Sijui, wala sina pa kuuliza, maana walimwoza mbali na sikumwona tena. Lakini mimi niliyejidai kujua adui anawaza nini, sikuwahi hata siku moja kusimama nyuma ya mgomba nikawaza kama rafiki yangu. Siku zile za barabara kuu hakuwa akishindwa. Alikuwa akiwalipia wazazi wake ile pembe ya shamba, punje kwa punje, nami nilikuwa nikizichukua.