Kisu Kilitangulia au Risasi

Mume wangu alikuwa bwana nyama wa Kibondo, afisa wa wanyamapori, na katika nyumba yetu ya serikali bunduki zilikuwa mbili. Zilikaa ndani ya sanduku refu la mninga chini ya kitanda, na ufunguo alitembea nao. Moja tuliiita Sabini na Tano, nyingine Hamsini na Nane. Tulikuwa tumefupisha tu, maana kwa ukamilifu ni mia tatu sabini na tano na mia nne hamsini na nane. Mimi ni mtoto wa dukani, nimekulia nyuma ya mizani ya baba yangu Kasulu, kwa hiyo mwaka wa kwanza wa ndoa niliamini kabisa kwamba Sabini na Tano ndiyo kubwa. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba namba ile ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu, na kwamba Hamsini na Nane ndiyo mama mwenye nyumba. Risasi yake ilikuwa nene karibu sawa na kidole changu cha mwisho.

Baada ya hapo nilizijua bunduki zile kuliko nilivyotaka. Sabini na Tano ilikuwa na adabu. Ilimgusa begani bila kumuumiza, ilifika mbali, na mume wangu aliipenda kwa sababu aliweza kuichagulia mahali pa kupiga. Hamsini na Nane ilikuwa na teke la punda. Siku za kuifanyia mazoezi nilimkanda bega kwa maji ya moto, na alikuwa akiuma meno kama mwanamke mwenye uchungu, nami nikimtania kwamba azae basi tujue ni wa kike au wa kiume. Lakini alisema nyati aliyejeruhiwa akikugeukia ndani ya majani marefu, huna nafasi ya kuchagua mahali. Hapo unataka kitu kimoja tu, nacho ni mnyama aanguke na asiinuke.

Sasa nieleze jambo jingine, maana bila hilo haya yote hayana maana. Mume wangu alikuwa mtu wa Iringa, Mkristo wa kubatizwa, na alisilimu ili anioe. Baba yangu alimkubali, akamfundisha kutawadha kwa mkono wake mwenyewe, akamwita mwanangu. Ila alimkubali kama mfanyabiashara anavyopokea noti mpya: kwa kutabasamu, huku akiinyanyua kidogo kwenye mwanga. Kila mara mume wangu alipokula mezani kwa baba nilikuwa natazama mkono wake, kama ametaja jina la Mungu, kama ametumia wa kulia. Naye alijua natazama. Mwislamu wa kuzaliwa anaweza kubishana na mkwewe juu ya dini hadi chai ikapoa. Aliyesilimu jana hawezi.

Wakati ule watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vya pamoja, na kijiji kimoja kipya kilipimwa na kuwekwa mahali ambapo nyati wanaotoka mabondeni, upande wa Moyowosi, walikuwa wakipita tangu dunia iumbwe. Nyati hawakuambiwa habari za kuhama. Walikula mahindi, wakalala kwenye mihogo, na dume mmoja alianza kufukuza akina mama njia ya kisimani. Wanakijiji walikuwa na mikuki na magobole ya mzee fulani, ambayo yangemkasirisha tu. Uwindaji wa vibali ulikuwa umefungwa nchi nzima, kwa hiyo ilibaki kazi ya bwana nyama.

Baba alikuja kututembelea wiki ile ile mume wangu aliyoitwa kwenda kumpiga. Mdogo wangu alikuwa anaolewa Kasulu, na baba alikuwa amepita Kibondo kualika watu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo nilivyosema nilipomwona anashuka kwenye lori, na nilifurahi kweli. Jioni alikaa barazani na kikombe chake cha chai, na mume wangu akatandika mkeka uani, akazitoa bunduki zote mbili kuzisafisha kwa ajili ya safari ya asubuhi.

Ndipo akaja mtu wa kijiji kile aliyetumwa kumwongoza mume wangu. Alikuwa mkulima, Muha, mtu mzima mwenye mwili wa kazi, aliyeupata Uislamu wake ujanani alipokuwa akifanya kazi Ujiji. Kijijini kwao yeye ndiye alikuwa mchinjaji, na kazi hiyo aliivaa kama kofia ya sikukuu. Alimsalimu baba kwa salamu ya kwao. Waha wakikusalimu kwa heshima huinama na kupiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, na wewe huitikia kwa makofi, na habari za nyumba, za ng'ombe na za mvua huulizwa juu ya makofi hayo hayo. "Mwakeye," alisema, akapiga, na baba akampigia, wakaendelea hivyo mpaka nikadhani chai itamwagika. Baba aliipenda sana salamu ile. Alikuwa akisema mtu anayekusalimu kwa mikono yote miwili hawezi kuwa ameshika kitu cha kukudhuru.

Baba akaona mume wangu anaweka Hamsini na Nane kando ya begi, na kuifuta Sabini na Tano ili airudishe sandukuni. Akaomba risasi. Akapewa moja ya kila bunduki, akazipima viganjani, huku na huku, kama mawe ya mizani.

"Hii nzito, mwanangu, ikimpata nyati inakuwaje?"

"Anaanguka, baba. Mara nyingi anakufa papo hapo."

"Papo hapo." Baba akaikunja ngumi juu ya risasi. "Na nani atamchinja?"

Walikuwepo mashehe waliosema risasi iliyopigwa kwa bismillahi inatosha, mnyama ni halali hata akifa kabla ya kisu. Baba hakuwa mmoja wao. Kwake, mnyama ambaye kisu hakikumkuta na roho alikuwa nyamafu, sawa na aliyeokotwa porini amevimba.

"Baba, majani ya kule yananipita kichwa," mume wangu alisema kwa upole. "Mnyama mwenyewe ni mkali. Hii ndogo nayo inaua, nikimpata penye mapafu. Lakini inampa muda."

"Muda huo ndio tunaoutaka," baba alisema. "Nina harusi. Nina wageni kutoka Ujiji na Tabora. Nitawalisha nini, nyamafu?"

Alisema akicheka. Hakulazimisha, hakupandisha sauti. Alimrudishia risasi zote mbili, ile nyepesi juu. Mchinjaji akadakia kwamba asiwe na wasiwasi mzee, yeye ana mbio, akisikia mlio tu kisu kimeshafika. Nikamtazama mume wangu. Nilitaka aseme hapana. Pia nilitaka asiseme, maana baba alikuwa mgeni wangu, na nilijua angesikia nini ndani ya hapana ile. Mume wangu akaifungua Hamsini na Nane, akaipaka mafuta, akairudisha sandukuni.

Yaliyotokea kule aliniambia yeye mwenyewe, mara moja, na hakurudia. Walimkuta dume pembeni ya shamba la mihogo, jua limeshapanda, amesimama ubavu. Alimpiga mahali alipotaka, penye mapafu, na kwa Sabini na Tano hakuna mtu angepiga vizuri zaidi. Nyati akapiga hatua chache kuingia kwenye majani, akapiga magoti, akalala, akaanza kukoroma. Mume wangu akapaza sauti kwamba mtu asisogee. Mwindaji yeyote anajua nyati aliyelala si nyati aliyekufa, na husubiri mpaka kukoroma kuishe. Lakini mchinjaji alikuwa akisubiri kinyume chake. Kwake yeye, kukoroma kukiisha, kazi imeharibika. Akakimbia na kisu mkononi, bismillahi mdomoni, akaingia kwenye majani.

Alimshika pembe kuvuta shingo, na kisu kilikuwa kimegusa ngozi nyati alipoinuka. Mume wangu alipofika, mtu alikuwa chini na mnyama juu yake, anamsaga mkono wa kulia kwa kichwa chake. Akampiga risasi ya shingo kwa karibu sana hadi manyoya yakaungua. Nyati akamwangukia yule mtu, na wanaume wakamvuta.

Mimi nilisikia Land Rover mchana, nikatoka na beseni. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho hadi leo, beseni langu la bati lenye maua mekundu. Mume wangu alikuwa ameshampeleka mtu hospitali, shati lake limekauka damu, na nyuma ya gari kulikuwa na paja la nyati limefunikwa majani ya migomba, ambalo kijiji kilimkatia kama desturi. Hata siku ile walikumbuka fungu la mpigaji. Alieleza kwa maneno machache tu, akiwa amesimama, kwamba mchinjaji ameumizwa vibaya na daktari anasema mkono hautapona.

Baba alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Kisu kilitangulia au risasi?"

Sikuamini kwamba lile ndilo swali la kwanza. Nilingoja aulize jingine. Nilisema moyoni, baba, uliza kama anaishi. Uliza kama ana watoto. Mume wangu alimtazama, na pale angeweza kusema kisu, nani angempinga? Kisu kweli kilikuwa kimegusa. Akasema, "Risasi, baba."

"Basi hii haiingii ndani," baba alisema, akiliangalia lile paja. "Alhamdulillahi kwamba tumejua mapema."

Nimewahi kuaibishwa na watu wengi, mmoja wao mwalimu aliyenichapa mbele ya darasa, lakini aibu ya siku ile ilikuwa nyingine. Iliingia mwilini kama homa. Nilimwonea aibu baba yangu niliyempenda kuliko mtu yeyote. Nilimwonea aibu mume wangu kwa sababu alikuwa amepimwa mbele yangu, na mimi nilikaa upande wa mizani. Na nilikuwa nimeshika beseni. Paja lilipelekwa kwa majirani Wakristo, wakala, na walitushukuru sana. Harusini Kasulu waliliwa mbuzi na samaki wa migebuka, wageni wakasifu, na hakuna aliyeuliza kwa nini hapakuwa na nyati.

Kitu kimoja kilichoniumiza ni kwamba mume wangu hakumlaumu baba. Ningependa angetukana, angevunja kikombe. Aliendelea kumwita baba, akaendelea kutawadha kama alivyofundishwa, ila tangu siku ile alikwenda na Hamsini na Nane kila mahali, hata kwa nguruwe pori, na nyama ya porini haikuingia tena kinywani mwake. Bega lake lilikuwa jeusi muda wote. Nilipotaka kulikanda, alisema liache.

Miezi ilipita. Nilikwenda Kasulu kwa wazazi kujifungua mtoto wa kwanza, kama tunavyofanya, na asubuhi moja nilikuwa nimeketi dukani nikimsaidia baba kuchambua maharage. Mtu akaingia mlangoni. Kabla sijamtambua uso, niliona mkono wa kulia wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya kiwiko.

Alikuwa ametoka hospitali ya huku Kasulu walikomhamishia, anasubiri lori la kumrudisha kwao, na asingepita bila kumsalimu mzee. Akainama. Mkono wa kushoto ukaja mbele kutafuta mwenzake, ukakosa, ukashuka kwenye paja lake, ukapiga hapo. "Mwakeye," alisema, na kupiga tena pajani, taratibu. Baba aliinua mikono kuitikia, akapiga mara moja, akausikia mlio wake, akaishusha.

Nilimletea kiti na chai. Waliongea habari za mvua. Baba alikuwa anapangapanga mawe ya mizani bila kupima kitu. Hatimaye yule mtu akaweka kikombe chini.

"Mzee wangu, kuna neno limenikaa. Pale hospitali nimelilalia na kuliamkia. Mimi sikuona mwisho wake, nilizimia. Kisu changu kiliwahi?"

Baba akahamisha jiwe moja la mizani.

"Mlikula?" aliuliza. Alikuwa anamtazama baba kama mtoto anayengoja kusomewa matokeo ya mtihani.

Baba yangu hakuwahi kuweka kidole kwenye mizani. Watu walitoka Kasulu nzima kupimiwa na yeye. Aliyaacha mawe yake, akasema, "Kiliwahi, mwanangu. Tulikula. Harusi nzima ilikula."

Yule mtu akafumba macho. Kisha akanigeukia mimi, maana mwanamke ndiye anayejua nyama.

"Na wewe mama, ulikula? Ilikuwa na mafuta?"

Baba alikuwa ananitazama. Sijawahi kumwona ananitazama vile, kama mtu anayeomba akopeshwe.

"Nilikula," nikasema. "Ilikuwa na mafuta sana."

Akashukuru Mungu, akasema basi mkono haukwenda bure. Akainama tena, akaanza kupiga paja lake kwa furaha, makofi ya shukrani, na sisi wawili, na mikono yetu minne, tukamwitikia.