Mama Mukwe Anatia Mikono Yangu Kwenye Javeli Tupu

Admin, ficha jina yangu, bwana yangu anafuata ukurasa huu.

Mi ni mama wa miaka makumi mbili na tisa, kwetu ni Fizi, Kongo. Niko hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, na bwana, mama yake, na mtoto wetu wa kike wa miaka tatu. Nilikuwa nasuka batu nywele kule Lumbadzi.

Wakati wa mvua kolera ilinishika, nikalazwa siku tano. Munganga aliponiruhusu alisema nimepona, mikono tunawe na sabuni, choo na vyombo njo tutie javeli, ile dawa kali ya kuua vidudu, yenye kuchanganywa na maji mingi.

Nilipofika nyumbani, mama mukwe alikuwa kwa mulango na beseni. Nikasema, "Mama, nimepona."

"Tia mikono humu kwanza. Hautagusa mjukuu wangu na uchafu yako."

Ilikuwa javeli tupu, bila maji hata kidogo. Nikavumilia, maana mtoto alikuwa ndani analia ananitaka.

Nilizani ni ile siku tu. Imefika miezi mbili, kila asubuhi. Ngozi ilipasuka, vidole vikatoka damu. Wateja wakaona mikono wakaogopa: "Zikomo, asante dada, leo hapana." Kazi ikakufa. Nikimwambia bwana, anasema, "Vumilia, mama anatulinda."

Nikaita nesi mmoja wa hapa kambini. Akamwambia mama mukwe, "Mama, hii inaunguza mutu. Mikono ni sabuni na maji tu." Mama mukwe akacheka. Kesho yake bamama ba kanisa walikuja kutusalimia. Niliposimama tu, akaleta kitambaa cha javeli akapangusa kiti nilikalia.

Lakini ya juma iliyopita njo imenimaliza. Mtoto alianguka inje, goti likachubuka. Nikakimbia kumuinua. Akaficha mikono nyuma: "Mama, usinishike! Enda unawe javeli kwanza."

Na mi nikaenda. Njo yenye inaniuma mpaka leo, nilienda. Niliporudi, mikono inawaka, nikakuta bibi yake amemubeba, ameshanyamaza.

Dada yangu iko na chumba Chilinde, Lilongwe, anasema nikuje na mtoto. Bwana anasema nikitoka, nitoke peke yangu. Nikimubeba kwa nguvu, atalia kama anabebwa na mutu wa kumuua. Nikimuacha, atakomaa akijua mama yake ni ugonjwa.

Dada anakuja kunichukua kesho kutwa. Ndugu zangu, mungekuwa mi, mungefanya nini?