Kinanda Kisichojua Kunyamaza

Watu wakiniuliza kwa nini niliacha bendi nikanunua kinanda, husema ni mgongo. Mgongo wangu haujawahi kuwa na shida yoyote. Nilichoka tu kubeba.

Miaka ya themanini tulikuwa watu wanne hapa Kisumu, na vyombo vyetu ungedhani ni vya familia inayohama. Amplifaya tuliyotengenezewa na fundi wa soko la Kibuye ilikaa ndani ya sanduku la mbao nzito, na kila tulipoliingiza kwenye boma la watu, majirani waliuliza ni nani amefariki. Ilitaka watu wawili wa kuinua na wa tatu wa kulaumiwa. Lakini ilikuwa na sauti. Gita likilia humo ndani, ulilisikia kifuani kabla halijafika masikioni. Nyuma yangu alikaa ndugu yangu mdogo na ngoma zake, na yeye ndiye aliyekuwa bendi, ingawa wakati huo niliamini ni mimi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nikaona pale Kibuye, kati ya nguo za mitumba na redio zilizofunguliwa tumbo, kinanda kutoka ng'ambo. Ndani yake kulikuwa na besi, tarumbeta, na ngoma za aina nyingi kuliko tulizowahi kuzisikia. Kilibebeka kwa mkono mmoja. Pasipo na stima kilitumia betri ya gari. Hakikulewa, hakikuchelewa, hakikudai chakula. Nilikipenda kama mtu anavyompenda mkwe tajiri.

Wa kwanza kuonyeshwa alikuwa mama, aliyekuwa akikaanga na kuuza samaki kule ufuoni Dunga. Alifuta mikono, akasikiliza ngoma za mashine kwa muda mrefu, kichwa upande. Kisha akauliza, "Huyu anayepiga, anapumua saa ngapi?"

Nikamweleza kwamba hakuna mtu ndani.

"Najua hakuna mtu," akasema, akarudi kwa samaki wake.

Ndugu yangu hakukasirika, au hakuonyesha. Alipata kazi ya kupaka mashua rangi. Kila tulipokutana aliniuliza habari za mwenzake: amekula? amelala vizuri? Siku moja akanishika bega akaniambia niipe mashine pole zake, maana anajua kumfanyia kazi kaka yake si mchezo. Nilicheka kuliko alivyotarajia. Nilikuwa na kazi nyingi wakati huo, harusi na sherehe za kila namna. Sauti ilikuwa ya bati, nami nilijua, na hakuna aliyelalamika, na nilirudi nyumbani na shati kavu.

Kisha mama akafa.

Tulimzika nyumbani kijijini, mbele ya Kisian. Mchana, siku moja kabla ya mazishi, walifika wanawake wa Dunga waliouza samaki pamoja naye, leso zimefungwa kiunoni. Mama alikuwa mchezaji. Hakuna matanga aliyowahi kwenda ufuoni kule asicheze. Aliwachezea marehemu wa kila mtu, hata wale aliokuwa hasalimiani nao. Kwetu kumchezea marehemu ni kumsindikiza. Siku ile nilitaka jambo moja tu: wanawake wale wainuke wamchezee na yeye. Nikasema nitapiga mwenyewe. Ndugu yangu aliponiuliza yeye afanye nini, nikamwambia asijali, kila kitu kimo ndani ya kinanda. Akaenda kupasua kuni.

Sasa, katika muziki wetu, mtu yeyote anaweza kuinua mkono. Muziki unanyamaza, naye anajisifu, au anausifu ukoo wake, au anamsifu marehemu. Akimaliza, muziki unarudi pale pale ulipoachwa, na mguu ulioinuliwa unashuka. Hiyo tunaiita pakruok. Mpiga ngoma mzuri haangalii ngoma. Anaangalia mikono ya watu.

Mashine haiangalii. Mzee wa kwanza alipoinua mkono nilibonyeza kitufe, nayo, badala ya kunyamaza, ikapiga kale kamwisho kake ka madaha, kama tangazo la sabuni. Mzee akasubiri kaishe. Alipomaliza kujisifu nikaiwasha tena, ikaanza wimbo toka mwanzo, na waliokuwa wameanza kutikisika wakabaki wamesimama kama watu waliokosea nyumba.

Kisha akainuka mama mmoja mkongwe, rafiki wa mama tangu ujana wao. Yeye ndiye aliyewaongoza wanawake wa Dunga. Akicheza, wote wanacheza. Akainua mkono. Safari hii nilikata sauti vizuri, nikajipongeza. Akasema yeye ni rafiki wa mwanamke aliyenukia samaki mpaka kanisani na hakumwomba mtu radhi. Watu wakacheka. Akafika kwenye jina la mama, sauti ikamkatika.

Nami nilikuwa nalia. Nikainama nijifute kwa bega, na kiwiko changu kikagusa kinanda. Kilikuwa na tabia moja ambayo nilikuwa nimewasifia watu wengi: ukikigusa popote, ngoma zinaanza zenyewe. Zikaanza. Zote, pamoja na tarumbeta.

Yule mama akanitazama. "Mwenye ngoma ana haraka," akasema. "Basi aende."

Akaketi.

Nikazima. Nikawasha kwa sauti ya chini. Nikajaribu mwendo mwingine, wa polepole. Hakuna aliyeinuka. Wanawake walikunja mikono wakitazama chini, na jeneza la mama lilikuwa pale chini ya turubai, nikaona kwamba atakwenda hivyo, yeye aliyewachezea wote, bila hata mguu mmoja wa kumchezea, kwa sababu ya kiwiko changu.

Ndugu yangu akaja kutoka kwenye kuni, jasho likimtoka. Aliokota debe tupu la mafuta, akaligeuza, akaketi kando yangu.

"Omera, ndugu yangu, zima."

"Nikizima nitapiga na nini?"

"Zima kwanza."

Nikazima. Akaanza kwa viganja, chini kwa chini, macho kwenye mkono wa yule mama. Debe lilikuwa na sauti ya debe, sitasema uongo. Alipiga hivyo kwa muda, hana haraka na mtu. Mwishowe mkono ukainuka. Viganja vya ndugu yangu vikabaki hewani.

Yule mama akasimama, akaanza tena pale alipokatizwa. Akafika kwenye jina, sauti ikamkatika tena. Ndugu yangu hakushusha mikono. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta. Alingoja mpaka yule mama alipoipata sauti, akalimaliza jina. Hapo ndipo viganja viliposhuka, na mguu wa yule mama ukashuka navyo, na wanawake wote wa Dunga wakainuka.

Nilibaki nyuma ya kinanda kilichozimwa nikijifanya natafuta waya. Hawakunihitaji. Waliimba wenyewe. Yule mama alipofika mbele yangu akasimama.

"Wewe mwenye stima, unalinda nini hapo? Njoo umsindikize mama yako."

Miaka yote niliyopiga matangani sikuwahi kucheza hata mara moja. Sikuzote nilikuwa na kazi. Nikatoka. Nilicheza vibaya mno. Wakienda kulia, mimi nakwenda kushoto. Mmoja wao, sikumwona ni nani, akasema sasa ameelewa kwa nini huyu alinunua mashine. Watu wakaangua kicheko, hata ndugu yangu, lakini mikono yake haikukosea. Nikaendelea kucheza.