Bega la Kulia la Dari

Mafundi rangi wenzake walimwita Dari, maana kwa miaka ishirini na mbili hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kichwa kimerudi nyuma, mkono wa kulia juu, rola inapita bila kudondosha tone. Ukimuuliza kama shingo haimuumi, angekujibu kwamba shingo ni ya wenye mishahara.

Utani ulimwisha siku ubao wa jukwaa la kupakia rangi ulipovunjika, juu kabisa penye ngazi za jengo la ghorofa tatu. Aliyekuwa amesimama upande uliovunjika ni shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Dari alijitupa kifudifudi akamdaka mkono. Wakashikana, kila mmoja amekibana kifundo cha mkono wa mwenzake. Kisha bega likalia kama shuka inayopasuliwa, na mkono wa Dari ukabaki mtupu.

Msibani aliulizwa kama naye ameumia. Akasema hana hata mchubuko.

Kwa miezi saba aliificha ile hali. Shati alilivaa kwa kutanguliza mkono mbovu, na kazini aliomba apewe milango na kuta za chini. Hakuweza kulalia ubavu wa kulia. Ila maumivu hayakumtisha kama kile kingine: mchana kweupe, ameketi na kikombe chake cha chai, alihisi vidole vya mtu vimemshika kifundo, vinateleza taratibu. Akitazama, haoni kitu. Alikuwa akijifuta hapo kwa kitambaa mpaka ngozi ikawa nyekundu.

Dada yake, ambaye sasa aliishi naye, alimkuta siku moja anaparamia kiti ili ateremshe sukari kwenye rafu iliyo usawa wa macho yake.

"Bega lina nini?"

"Uzee, dada."

"Uzee gani wa bega moja? Vaa viatu."

Kliniki, daktari alikuwa mama mmoja mwenye miwani na sauti ya chini. Alimwambia ainue mkono kutokea ubavuni. Ulifika nusu tu, bega likapanda kuelekea sikioni. Daktari akauinua mwenyewe hadi juu, akamwambia aushushe polepole. Alipouachia, ukaanguka kama si wake. Kisha akampaka mafuta ya baridi na kupitisha kifaa cha ultrasaundi, akawaonyesha kwenye kioo: kano iliyobanduka kutoka kwenye mfupa, imejivuta nyuma.

"Kazi ya kuinua mikono ilikuwa imeshaila," alisema, "lakini hapa pamechanika kwa mpigo mmoja. Ulibeba nini?"

Dari alitazama sakafu. "Mtu."

Dada yake akashika ukingo wa meza.

"Sijui kama nilimwachia," Dari akasema. "Kila siku najiuliza."

"Alimwachia, daktari?" dada akauliza.

"Mama, mimi naona kano tu. Ikichanika hivi mkono hauna nguvu, mtu apende asipende. Zaidi ya hapo siwezi kukuapia."

Walikuwa wamechelewa, hivyo upasuaji ulishona kilichoweza kufikiwa. Wiki sita mkono ulining'inia kwenye kitambaa, shingoni. Yakafuata mazoezi: kuinama na kuubembeza, kisha kuupandisha ukutani kwa ncha za vidole. Mwaka ulipokwisha ulikuwa unafika usawa wa paji la uso, na hapo ndipo ulipokoma. Dari za watu hakupaka tena; alichanganya rangi, akafundisha wengine. Vile vidole viliendelea kumjia, mara moja moja.

Adhuhuri moja alikuwa ukutani, dada yake akimhesabia.

"Tisa. Kumi." Akaacha kuhesabu. "Alisema nini, pale juu?"

Dari hakugeuka. "Alisema, 'Shemeji, shika vizuri.'"

Alisikia dada yake akivuta pumzi. Kisha mkono wa dada wenye joto ukamshika kiwiko kutoka nyuma, ukakisukuma juu kidogo.

"Kumi na moja," dada akasema.